Pesa, akili na mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jinsi tunavyoamua mambo ya uchumi

Kila ninapokaa na wanavikoba, wakulima au wanafunzi kuzungumza juu ya pesa, maswali yanayorudi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, nikaanza na ya msingi na kumalizia na yale yenye ubishi. Namba zipo ili usirudie kusoma jambo lililokwisha kuelezwa kwingine.

## Msingi

1. Uchumi tabia ni nini, na unatofautianaje na uchumi wa darasani?

Uchumi wa vitabu vya zamani ulimchora binadamu kama mtu anayejua anachotaka, anayepiga hesabu zote bila kuchoka, na ambaye alichokichagua jana ndicho atakachokichagua kesho. Mtu wa namna hiyo hayupo, si Kariakoo wala Gikomba. Uchumi tabia unaanza na mtu tuliye naye: kichwa chake hakibebi kila kitu, mwili wake unahisi njaa na usingizi, na anaishi katikati ya ndugu na majirani ambao anajali wanamwonaje.

Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba watu hawatafuti kilicho bora kuliko vyote. Hutafuta kinachotosha, kisha huacha kutafuta. Mwaka 2002 tuzo hiyo ilikwenda kwa Daniel Kahneman, ambaye alikuwa mwanasaikolojia. Mwenzake wa miaka mingi, Amos Tversky, alikuwa amefariki mwaka 1996. Richard Thaler aliipata mwaka 2017.

2. Maana yake ni kwamba watu hawana akili ya pesa?

Hapana, na hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote. Makosa tunayoyafanya katika pesa hayaji ovyo, yana mpangilio. Mtu yule yule, mwenye bidii ile ile, ataamua vizuri pesa ikimfikia Julai na vibaya ikimfikia Machi. Ataweka akiba akiwa na sanduku, atashindwa akiwa na mfuko wa suruali. Tunawasema sana watu kwamba hawana nidhamu, hasa maskini, bila kwanza kuuliza pesa iliwakuta wapi, saa ngapi, na mbele ya nani. Majibu ya swali la 6, la 7 na la 10 yanatoa ushahidi.

3. Si ni bora kuweka hisia pembeni tunapoamua mambo ya pesa?

Wengi wanaamini hivyo. Lakini katika miaka ya 1990, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao katika jimbo la Iowa, Marekani, waliwachunguza watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho. Akili zao za hesabu na lugha zilikuwa nzima, ila hisia za kuwaonya zilikuwa zimekatika. Walipewa mafungu manne ya karata, mawili kati yake yakilipa sana mara moja na kuumiza zaidi baadaye. Watu wazima wa afya walianza kutoa jasho viganjani kabla ya kugusa mafungu mabaya, hata kabla hawajaweza kueleza kwa nini. Wagonjwa hawakutoa jasho, na waliendelea kuchukua karata zilizowafilisi.

Hisia, basi, ni sehemu ya hesabu yenyewe. Tatizo huanza zinapokuwa zimefundishwa na mazingira yasiyofanana na yale unayoamulia.

## Hasara na mali

4. Kwa nini kupoteza elfu kumi kunauma kuliko kupata elfu kumi kunavyofurahisha?

Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu hapimi utajiri wake wote anapoamua. Anapima mabadiliko, kupanda au kushuka, kutoka pale aliposimama. Na kushuka kuna uzito zaidi: katika makadirio yao ya mwaka 1992, hasara ilikuwa na uzito wa mara mbili na robo hivi ukilinganisha na faida ya kiasi hicho hicho.

Mfanyabiashara wa nafaka analijua hili mwilini. Amenunua gunia la mahindi kwa shilingi 90,000, bei imeshuka hadi 70,000, na anakataa kuuza kwa sababu kuuza ndiko kunakoifanya hasara iwe kweli. Anasubiri. Dumuzi wanaingia. Ile 90,000 imeshakwenda na haimo tena ndani ya gunia. Swali linalosaidia ni moja: kama leo ningekuwa na 70,000 mkononi na sina gunia, ningelinunua hili? Kama jibu ni hapana, basi kulishikilia ni sawa na kulinunua kila siku kwa bei usiyoitaka.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwafundisha kima aina ya kapuchini kununua vipande vya tufaha kwa sarafu za kuchezea. Kima wale nao walimkwepa muuzaji aliyewaonyesha vipande viwili kisha mara nyingine akatoa kimoja, wakamfuata aliyeonyesha kimoja kisha mara nyingine akaongeza, ingawa kwa wastani wote wawili walitoa sawa. Mizizi ya jambo hili inaelekea ni ya kale kuliko soko lenyewe.

5. Kwa nini mtu anauza kitu chake kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingekinunulia?

Kahneman, Jack Knetsch na Thaler waliwagawia nusu ya wanafunzi darasani vikombe vya kahawa, nusu wakakosa. Waliopewa walidai bei ya karibu mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa walikuwa wamekuwa wamiliki kwa dakika chache tu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1990, na kwa muda mrefu watu walidhani ndivyo binadamu wote walivyoumbwa.

Kisha likaja jaribio lililofanyika kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, lililochapishwa mwaka 2014 na Coren Apicella na wenzake. Kila mtu alipewa kitu kimoja, kwa mfano kiberiti cha gesi cha aina fulani, kisha akaulizwa kama angependa kukibadilisha na kingine kinacholingana nacho. Asiyejali angebadilisha nusu ya mara. Wahadzabe wa kambi za mbali na soko walifanya hivyo hasa, karibu nusu walibadilisha. Wale wa upande wa Mangola, waliozoea watalii na kuuza na kununua, waling'ang'ania: karibu robo tu ndio waliobadilisha.

Ni watu wa damu moja na lugha moja. Kilichotofautiana ni soko. Ukilinganisha na kima wa swali la 4 utaona mgongano, na mimi sioni haja ya kuuficha. Ninavyousoma, baiolojia inatupa uwezo wa kuona hasara kama hasara, lakini ni maisha yanayotufundisha kitu gani kihesabiwe kuwa "changu". Katika kambi ambako nyama na mshale hupita mkono hadi mkono, somo hilo halijafundishwa kwa nguvu.

## Leo na kesho

6. Kwa nini pesa ya mavuno huisha kabla ya msimu wa mbolea?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wakulima, na kwa bahati nzuri limechunguzwa hapa hapa kwetu. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya. Mashambani mwao mbolea ya kukuzia, kipimo cha nusu kijiko cha chai kwa kila shimo, ilikuwa inalipa vizuri. Wakulima walijua hivyo. Katika kundi moja lililoshiriki maonyesho ya shambani, asilimia 98 walisema wangetumia mbolea msimu uliofuata. Waliotumia walikuwa asilimia 37.

Hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja wetu ana nafsi mbili kuhusu muda: ya kesho ina subira, ya leo haina. Baada ya mavuno pesa ipo, lakini msimu uko mbali, na duka la pembejeo liko mbali pia, basi "nitakwenda wiki ijayo". Wiki ijayo ikifika inakuwa leo. Ada, msiba, mgeni, sukari. Msimu unapofika pesa haipo.

Watafiti wakabadilisha jambo moja dogo. Mara tu baada ya mavuno, mtu alifika nyumbani kwa mkulima na kumuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida ya dukani, na mbolea ikaletwa bila nauli wakati wa kuitumia. Mpango huo uliitwa SAFI. Waliotumia mbolea waliongezeka kwa kiasi kinacholingana na kile kilichopatikana kwa kukata bei kwa nusu baadaye, wakati wa kuweka mbolea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ninawaza mara nyingi ni ruzuku ngapi zimetumika kununua kile ambacho kugonga mlango kwa wakati wake kungekipata.

7. Kibubu kinasaidia, au ni lazima funguo akae nayo mtu mwingine?

Pascaline Dupas na Robinson walilijaribu hili kwa wanachama wa vyama vya kuchangiana, magharibi mwa Kenya pia, wakiweka akiba kwa ajili ya afya. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na funguo wakabaki nayo wenyewe. Wengine walipewa sanduku hilo hilo lakini funguo ilikuwa kwa ofisa wa mradi. Baada ya mwaka mmoja, wenye funguo zao walikuwa wameongeza matumizi ya kinga ya afya, kama vyandarua, kwa asilimia 66 hadi 75. Ambao funguo ilikuwa kwa mwingine hawakuongeza.

Wengi hutarajia kinyume. Sababu ni mbili. Aliyefungiwa kabisa aliogopa kuweka, kwa kuwa hajui dharura itamkuta lini. Na sanduku ambalo mtu ana funguo yake lilitosha kuipa pesa jina. Pesa yenye jina huikataa nafsi yako, na inakupa la kumjibu shemeji anayekuja kukopa: "Hii ni ya dawa." Usemi huo si uongo wala si uchoyo, na kwa watu wetu kupata neno la heshima la kukatalia ni nusu ya akiba.

8. Upatu hautoi riba. Mbona watu wanaupenda kuliko benki?

Kwa sababu unatatua matatizo ambayo riba haiyatatui. Siku ya kutoa inajulikana, kijumbe atapita, na aibu ya kushindwa mbele ya wenzako ina nguvu kuliko kumbukumbu ya benki. Pesa inakuja ikiwa nene, ya kununua cherehani au bati, si ya kumomonyoka. Na inakuwa nje ya nyumba: Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, waliochunguza vikundi vya Kibera, Nairobi, mwaka 2002 walionyesha kwamba wanawake wengi walijiunga ili kuikinga akiba isiombwe na waume zao. Hatari yake ni ile inayojulikana, aliyepokea zamu ya kwanza kutoroka. Ndiyo maana watu huchaguana.

9. Mtoto asiyeweza kusubiri peremende atakuwa mtu mzima asiyeweza kuweka akiba?

Dai hili linatokana na majaribio ya Walter Mischel huko Stanford: peremende moja sasa, au mbili ukisubiri. Lilienezwa kupita kiasi. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2018 ulikuta uhusiano na mafanikio ya baadaye ni mdogo, na unapungua zaidi ukizingatia hali ya nyumbani. Mwaka huo huo watoto wa Kinso wa Kameruni, wa umri wa miaka 4, walilinganishwa na watoto wa familia za tabaka la kati za Ujerumani: karibu asilimia 70 ya Wanso walisubiri, Wajerumani karibu 30. Subira inafundishwa. Pia mtoto aliyeahidiwa mara nyingi bila kutimiziwa ana busara akila ya kwanza.

## Mwili

10. Je, umaskini hupunguza akili?

Haupunguzi akili, unaishughulisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana pesa, na baada ya mavuno wakiwa nazo. Wakulima wale wale walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili baada ya mavuno. Kichwa kinachokokotoa deni la duka, karo na chakula cha jioni kwa wakati mmoja kinabaki na nafasi ndogo ya kingine. Baadhi ya majaribio ya maabara katika mkondo huu hayakurudiwa kwa mafanikio, hivyo usiyakuze.

Mwili nao unabeba. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za Rarieda, Kenya, zilizopewa pesa taslimu bila masharti. Kwa ujumla watu walisema wana furaha zaidi na msongo mdogo. Homoni ya msongo, kotisoli, haikushuka kwa wastani, lakini ilikuwa chini zaidi pale pesa ilipokuwa kubwa, ilipokuja mara moja, au alipopewa mke badala ya mume.

11. Kwa nini mkeka uliochanika kwa mechi moja unamrudisha mtu kubeti?

Wolfram Schultz alipima seli za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini kwa kima waliopewa juisi. Seli ziliwaka juisi ilipokuja bila kutarajiwa. Juisi ilipozoeleka baada ya taa, ziliwaka kwa taa, na juisi ikikosekana zilizima. Dopamini, basi, inapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata, na hapo ndipo ubongo unapojifunza. Kubeti hakuzoeleki kamwe, kwa hiyo somo haliishi.

Na kukosa kidogo kunadanganya. Uchunguzi wa mwaka 2009 uliopiga picha za ubongo wa watu wakicheza mashine ya bahati nasibu ulionyesha kwamba kukaribia kushinda kuliamsha sehemu zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na kuliwaongezea hamu ya kuendelea. Mechi tisa zimetiki, ya kumi imechana: mwili unasikia "nilikuwa karibu, naweza". Hesabu inasema vingine. Hata kila mechi ikiwa na nafasi ya asilimia 70, kumi zote kutimia ni chini ya asilimia 3. Nimewaona vijana wa bodaboda wakipeleka huko hesabu ya siku nzima, na siwezi kuliita hilo tatizo la tabia mbaya tu.

12. Homoni zinaongoza biashara?

Kwa kiasi. John Coates na Joe Herbert walipima wafanyabiashara 17 wa masoko ya fedha London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Siku walizoamka na testosteroni, homoni ya kiume, ikiwa juu waliingiza faida zaidi, na kotisoli ilipanda pamoja na kuyumba kwa soko. Watu 17 ni wachache, na wote walikuwa wanaume.

13. Tabia ya pesa ni ya kurithi?

Sehemu. Kwa mapacha wa Uswidi, David Cesarini na wenzake walikadiria mwaka 2009 kwamba takriban asilimia 20 ya tofauti kati ya watu katika kuthubutu hatari na kutoa inahusiana na jeni. Uchunguzi wa mwaka 2019 wa watu zaidi ya milioni moja ulikuta sehemu nyingi za jeni zinazohusika, kila moja kwa athari ndogo mno. Hakuna jeni ya ubahili. Anayemwambia kijana "damu ya kwenu haishiki pesa" anatamka jambo ambalo sayansi haimpi.

## Sisi na wenzetu

14. Kwa nini mtu akatae pesa ya bure?

Katika mchezo ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1982, mtu mmoja anapewa pesa agawane na mwingine. Wa pili akikataa mgao, wote wanakosa. Kwa hesabu kavu, angepokea hata shilingi moja. Watu hukataa, kwa sababu kudharauliwa kuna gharama yake.

Kiwango cha dharau hutofautiana. Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo huu kwa jamii 15 ndogo duniani, zikiwemo Wahadzabe na Wasangu wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Waorma walitoa karibu nusu. Wahadzabe walitoa kidogo kuliko wao, na mgao mdogo ulikataliwa mara nyingi. Jean Ensminger alipowachezesha Waorma mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliupa jina mara moja: mchezo wa harambee. Hapo hapo waliona katika pesa za mgeni jambo wanaloliishi, wakalicheza kwa kanuni zake.

15. Wanawake ni waoga wa ushindani kwa asili?

Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List waliwauliza Wamasai wa Tanzania na Wakhasi wa India, jamii ambayo mali hupita kwa mama: ukirusha mpira ndani ya ndoo, unataka ulipwe kwa kila mpira ulioingia, au mara tatu yake ukimshinda mpinzani? Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana, na wanawake karibu robo. Kwa Wakhasi iligeuka: wanawake asilimia 54, wanaume 39. Matokeo ya mwaka 2009. Kinachoitwa asili mara nyingi ni urithi wa nani anashika ng'ombe na nani anashika nyumba.

16. Kitu cha bure watu hawakithamini, sivyo?

Dupas na Jessica Cohen walijaribu hilo kwa vyandarua katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua walishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Sifuri ina nguvu ya peke yake, na bei "ndogo" inaweza kumwacha mama mjamzito bila chandarua.

## Mashaka

17. Matokeo haya yanaaminika?

Si yote kwa kiwango kimoja. Mwaka 2015 majaribio 100 ya saikolojia yalirudiwa, na chini ya nusu ndiyo yaliyotoa matokeo yale yale. Ya uchumi wa maabara, mwaka 2016, yalikuwa 11 kati ya 18. Makala maarufu ya mwaka 2012, iliyodai kwamba kusaini juu ya fomu badala ya chini huongeza ukweli, iliondolewa mwaka 2021 baada ya kuonekana data zake hazikuwa za kweli. Kwa upande mwingine, nadharia ya swali la 4 ilirudiwa mwaka 2020 katika nchi 19 na ikasimama. Mimi huamini zaidi majaribio ya shambani yenye watu wengi na pesa halisi, na hupunguza imani kwa matokeo ya kushangaza yaliyotoka kwa watu wachache.

18. Makampuni si yanatumia elimu hii dhidi yetu?

Yanaitumia. Mkopo wa simu huondoa muda kati ya kutamani na kupata, na muda huo ndio uliokuwa kinga yako. Ada huonyeshwa kwa siku ili ionekane ndogo. Watu mtaani wameipa mikopo mibaya jina lake, kausha damu, na jina hilo linasema kweli.

Chombo hicho hicho kinaweza kujenga. Uchunguzi wa Brigitte Madrian na Dennis Shea wa mwaka 2001, katika kampuni moja ya Marekani, ulionyesha kwamba wafanyakazi wapya walipoandikishwa moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, wakiwa huru kujitoa, waliojiunga walipanda kutoka asilimia 49 hadi 86. Kipimo changu ni rahisi: je, aliyepanga utaratibu angekubali kuueleza kwa sauti mbele ya anayeutumia?

19. Nikishajua haya yote, nitaacha kukosea?

Kahneman mwenyewe alisema mara nyingi kwamba miaka yake ya utafiti haikumponya sana. Kujua ni kwepesi, kubadilisha mahali pesa inapopita ndiko kunakofanya kazi. Mkulima anunue mbolea wiki ya kuuza mahindi, kabla pesa haijalala nyumbani. Mwenye kibanda atenge mtaji asubuhi, si jioni akiwa amechoka. Programu ya kubeti ifutwe kwenye simu, na nywila apewe mtu unayemwonea haya. Na kama kikundi chenu kinagawana Desemba wakati ada za shule zinadaiwa Januari, lipelekeni jambo hilo kikaoni mwezi huu, kabla ya mgao, maana siku ya mgao hakuna atakayesikiliza.